Wibari ni Nini? Mwongozo wa Kurudisha Mshangao wa Utotoni Mbele ya Uumbaji

Jumapili moja, mwaka juzi, nilikuwa nafundisha watoto wa shule ya Jumapili kanisani kwetu Kimara. Tulikuwa tunasoma Zaburi ya 104 kwa zamu, kila mtoto mstari mmoja. Binti wa miaka tisa akafika mstari wa 18: "Milima mirefu ndiko waliko mbuzi wa mwitu, na magenge ni kimbilio la wibari." Akanyanyua kichwa.

"Mwalimu, wibari ni nini?"

"Ni aina ya sungura," nikajibu bila hata kupepesa macho, nikamwonyesha kidole aliyefuata aendelee.

Sikuwa najua. Zaburi ile naisoma tangu kipaimara na sikuwahi kujiuliza wibari ni mdudu, ndege au samaki. Usiku nikagundua kwamba kutokujua siko kulikoninyima usingizi. Kilichoniuma ni kwamba wakati mtoto ananiuliza nilikuwa naangalia saa, na somo la siku ile, nililoliandika ubaoni kwa mkono wangu, lilikuwa "Maajabu ya Uumbaji".

Hatua zinazofuata nilizipitia mwenyewe kwa kusuasua, baadaye nikawapa wenzangu wachache wa jumuiya. Utahitaji daftari, kalamu, Biblia, salio la simu na wiki tatu au nne. Serengeti si lazima.

Neno moja kabla hujaanza. Mshangao hauitiki ukiuita kwa jumla. Kaa kwenye kochi ujiambie "sasa nishangae kazi za Mungu" uone kama hutasinzia. Huja ukishika kitu kimoja, chenye jina, ulichowahi kukiona au kukisikia wewe mwenyewe. Kwa hiyo kazi yote hapa ni ya kitu kimoja tu.

Hatua ya 1: Chagua kumbukumbu moja, uiandike bila sifa

Rudi nyuma, kabla hujafikisha umri wa miaka kumi. Usitafute mandhari. Machweo, milima na bahari ya buluu ni picha za kalenda, kila mtu anazo. Tafuta kitu kilichokugusa mwilini: sauti, harufu, baridi, kuumwa. Siafu walioingia kwenye suruali. Kumbikumbi waliotoka baada ya mvua, mkaweka beseni la maji chini ya taa. Maji ya bahari yaliyokupwa mpaka ukatembea ulikokuwa umezoea kuogelea. Harufu ya vumbi likipigwa na mvua ya kwanza.

Ukishaipata, andika mistari kumi, si zaidi. Sharti ni moja: usitumie "nzuri", "ya ajabu", "ya kupendeza" wala ndugu zao. Maneno hayo hufunika kitu kama shuka linavyofunika maiti. Unajua kuna mtu chini yake ila humjui ni nani. Andika kilichotokea tu.

Huu ndio ukurasa wangu, nilivyouandika usiku ule:

"Usiku. Nina miaka sita au saba. Tuko kwa bibi, milimani juu ya Lushoto. Nimelala na kaka kitanda cha kamba. Inaanza sauti kama mlango wenye bawaba kavu. Mara moja. Kimya. Tena. Halafu inapanda, inapanda, inakuwa kama mtu anakabwa. Kaka ananinong'oneza kwamba ni mchawi. Bibi anakohoa upande wa pili wa ukuta, anasema: Perere huyo, laleni. Miguu yangu ni ya baridi. Silali."

Basi. Nilipoandika sikujua kwamba ukurasa huu na swali la yule mtoto ni kitu kimoja. Wewe pia usiharakishe kuuunganisha wako na mstari wowote wa Biblia. Uache ulale.

Hatua ya 2: Mpigie mtu aliyekuwepo

Hatua hii wengi huiruka, na mimi nilitaka kuiruka. Kumbukumbu ya mtu mmoja ni kama kigoda chenye mguu mmoja. Mtafute mama, baba, shangazi, mjomba, kaka, jirani wa zamani, yeyote aliyekuwa pale, umwulize mambo madogo madogo. Usimwambie kwamba unafanya zoezi la kiroho, ataanza kukuhubiria.

Nilimpigia mama saa tatu usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna nini usiku huu?"

"Hakuna kitu. Nilitaka kukuuliza habari za perere."

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Perere? Yule wa kwa bibi yako?" Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe si ulikuwa unakojoa kitandani kwa ajili ya yule?"

Jambo hilo sikuwa nimeliandika. Halikuwa hata kichwani mwangu, au lilikuwepo nikalifukuza. Mama akaendelea: mti wake haukuwa nyuma ya nyumba kama nilivyokuwa nauona akilini, ulikuwa bondeni karibu na kijito, mkuyu mkubwa wenye uwazi katikati. Babu alikuwa na ngozi ya perere anaikalia, laini kuliko ya mbuzi. Na bibi hakuwa na saa. Perere akianza kulia, bibi alifunika moto majivu akaenda kulala.

Andika kila unachosahihishwa, hasa kile kinachokuaibisha. Ninavyoona, hapo ndipo mlango hufunguka kwanza: unagundua ulikuwa karibu sana na kitu kikubwa, na hata ramani yake huikumbuki sawasawa. Yakobo alipoamka Betheli alisema, "Kweli Bwana yupo mahali hapa, wala mimi sikujua" (Mwanzo 28:16). Alikuwa amelala palepale usiku kucha.

Hatua ya 3: Kitafutie jina, majina yote

Katika Mwanzo 2 Mungu anawaleta wanyama kwa Adamu aone atawaitaje. Sikuwahi kuitilia maanani sehemu hiyo, lakini sasa naiona kama kazi yenyewe. Kitu kisicho na jina hukitazami, unakipita tu. Tafuta jina la nyumbani kwenu, jina la Kiswahili, jina la kitaalamu ukiweza, na jina lililo kwenye Biblia kama lipo. Waulize wazee, fungua kamusi, tafuta mtandaoni.

Majina huficha mambo. Mfano ni kinyonga, ambaye sisi watoto wa milimani tulimkimbia kuliko nyoka. Mwaka 2006 wanasayansi walilitenga kundi la vinyonga wa Afrika Mashariki, wengi wao wa milima kama Usambara yetu, wakaliita Kinyongia. Neno la bibi zetu limekaa kwenye vitabu vya dunia nzima. Au lile ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli huko Tanga: mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya, alituma sampuli kwao, likapewa jina lake, na leo watu wa Ulaya na Marekani wanalimwagilia kwenye vyungu madirishani. Sisi tulilikanyaga tukienda kuchota maji.

Sasa nirudi kwa wangu. Wiki ya pili baada ya lile swali, mimi na mke wangu tulikuwa tunasoma Zaburi 104 baada ya chakula. Mimi nilikuwa na Biblia yangu ya kale, Union Version, yeye alikuwa anafuatilia kwenye simu kwa tafsiri nyingine. Nikasoma "wibari". Yeye akasema, "Kwangu imeandikwa pelele."

Pelele. Nikalitamka tena. Perere.

Nilisimama nikatembea mpaka dirishani. Mke wangu akauliza kama naumwa.

Wibari ni neno lililotoka kwenye Kiarabu, *wabr*, na mnyama mwenyewe ni huyu tunayemwita pimbi, mdogo, mnene, hana mkia, anayeota jua juu ya mawe. Wale waliofika Mwanza wamemwona kwenye miamba ya ziwani, na waliokwenda Seronera, kule Serengeti, wamemwona akizurura kwenye nyumba za wageni. Wibari wa zaburi ni huyo wa mawe. Mpaka leo yuko kwenye magenge ya En Gedi, kando ya Bahari ya Chumvi. Perere wa bibi ni binamu yake aliyehamia mitini. Si mnyama yuleyule hasa, na sitaki kudanganya mara ya pili. Lakini ni ukoo mmoja. Nilikuwa nimelala miaka yote ile kwa bibi, nikisikiliza jamaa wa mnyama wa Zaburi, na nilimwambia mtoto wa watu kwamba ni sungura.

(Vijana hutumia "pimbi" kumtukana mtu mfupi. Endelea kusoma, uone kama litabaki kuwa tusi.)

Hatua ya 4: Fungua Maandiko kwa kukitafuta kitu, si mada

Ukitafuta "uumbaji" kwenye Biblia, utapelekwa Mwanzo 1, sura unayoijua kiasi kwamba macho yanateleza juu yake. Tafuta kitu chako. Tumia itifaki, ile orodha ya maneno na mistari yanakopatikana, ikiwa Biblia yako inayo, au programu ya Biblia kwenye simu. Andika "mvua", "chungu", "nyota", "mkuyu", "tai", uone kinakotokea.

Kisha soma sura nzima, kwa sauti, polepole. Usichomoe mstari mmoja ukaondoka nao kama mtu aliyechuma embe kwa jirani.

Mimi nilimkuta wibari mara chache tu. Kwenye Walawi 11:5 yumo kwenye orodha ya wasioliwa. Kwenye Mithali 30:26 amehesabiwa miongoni mwa wadogo wanne wenye akili nyingi, kwa kuwa ni dhaifu lakini hujijengea nyumba katika miamba. Na kwenye Zaburi 104, nilipoisoma yote kwa utulivu, nikaona kitu ambacho hakuna mahubiri yaliyowahi kunionyesha. Zaburi hii imepangwa kama zamu za kazi. Usiku ukiingia wanyama wa mwitu wanatoka, wana-simba wananguruma wakitaka chakula kwa Mungu. Jua likichomoza wanarudi mapangoni, ndipo mtu anatoka kwenda kazini kwake mpaka jioni. Giza lile nililoliogopa kwa bibi halikuwa tupu wala halikuwa la wachawi. Ilikuwa zamu ya wengine. Perere alikuwa anaingia kazini saa ileile bibi alipokuwa anatoka, na yule mzee, asiyejua kusoma, alikuwa ameielewa mistari ile kuliko mwalimu wa shule ya Jumapili.

Maonyo mawili hapa.

La kwanza, usilazimishe. Mwenzangu mmoja alichagua siafu, akakimbilia Mithali 6, "Ewe mvivu, mwendee chungu". Lakini soma mbele: chungu wa Mithali hujiwekea akiba na kukusanya chakula wakati wa mavuno. Siafu hawaweki akiba, ni wawindaji wanaohamahama. Anayesemwa pale ni chungu mwingine, yule wa kukusanya mbegu. Kilichobaki kwake ni maneno kwamba chungu hana akida, msimamizi wala mkuu, na hilo kwa siafu ni kweli kwa namna ya kutisha: wale wafanyakazi wote ni vipofu, na hakuna anayewapigia filimbi. Alipoliacha lile la akiba, la pili likawa lake kwelikweli.

La pili, kitu chako kinaweza kisiwemo kabisa. Kumbikumbi hawamo. Embe halimo. Usihuzunike. Nenda Zaburi 104:24, "Ee Bwana, jinsi yalivyo mengi matendo yako! Kwa hekima umevifanya vyote pia. Dunia imejaa mali zako," halafu kiandike kitu chako pembezoni mwa ukurasa kwa penseli. Mtunzi alikuwa na Lebanoni yake na mierezi yake. Wewe una yako.

Na kama huwezi kupata pa kuanzia, soma Ayubu sura ya 38 hadi 41. Mungu hamjibu Ayubu kuhusu mateso yake hata kwa neno moja. Anamwuliza maswali tu: mlango wa bahari, ghala za theluji, kunguru, punda-mwitu, mbuni. Jirani yangu Mwislamu, tukiwa barazani, aliniambia kwao pia kuna aya inayouliza kama watu hawamtazami ngamia jinsi alivyoumbwa. Tulikubaliana kwamba swali ni zito kuliko hotuba.

Hatua ya 5: Jifunze kinavyofanya kazi, mambo matatu tu

Kuna waumini wanaoogopa kwamba ukijua sababu ya kitu, ajabu yake inaisha. Mimi naona kinyume. Kinachoua ajabu ni kudhani unajua.

Jifunze mambo matatu, uyaandike chini ya ukurasa wako. Ya perere na ndugu zake nilipata haya. Jamaa zake wa karibu walio hai leo si panya wala sungura, ni tembo na nguva. Nyayo zake zina ngozi laini inayotoa jasho na kubaki na unyevu, kwa hiyo anang'ang'ania jiwe au gome lililosimama wima bila kuteleza. Na mimba yake hukaa miezi saba hivi, wakati sungura, yule niliyemsingizia kuwa ndiye, huzaa baada ya mwezi mmoja. Mtoto wa pimbi hutoka tumboni macho yamefunguka. Tembo mwenye kilo tatu, anayepanda mti usiku akipiga kelele. Nani angemtunga?

Kwa waliochagua harufu ya mvua ya kwanza: ile harufu hutokana kwa sehemu kubwa na kemikali iitwayo jeosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno. Kisha fungua Ayubu 14, anaposema mti uliokatwa, hata mizizi yake ikizeeka ardhini, huchipuka kwa harufu tu ya maji. Sitaongeza neno hapo.

Hatua ya 6: Nenda ukakitazame tena

Hatua zote zilizopita unaweza kuzifanya umelala. Hii hapana. Panga siku. Nenda mwenyewe au na mtu mmoja asiyependa kuongea. Kaa si chini ya nusu saa, simu ikiwa imezimwa, si kuwekwa mtetemo. Kama ni usiku, macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na ukiwasha simu mara moja tu unaanza upya.

Kwa mtu wa mjini, rahisi kuliko vyote ni nyota, na nyota rahisi ni Kilimia. Kati ya Desemba na Februari, toka nje saa mbili au saa tatu usiku, elekea kaskazini, tazama juu. Utaona kishada kidogo, kama mbegu zilizomwagika mahali pamoja. Hesabu. Wengi huona sita. Umeme ukikatika mtaa mzima, usilalamike siku hiyo. Toka mbio, hujapewa mgao, umepewa anga.

Jina lake limetokana na kulima. Wazee wa pwani walikuwa na msemo: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Mwanzoni mwa Mei hivi, masika ikiwa bado inaendelea, hufuata jua magharibi na kupotea, Juni huonekana tena alfajiri, upande wa mashariki, mvua ikiwa imekwisha. Sasa fungua Ayubu 38:31. Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili hawakuhangaika kutafuta jina geni. Waliandika Kilimia. Mungu anamwuliza Ayubu kama anaweza kuufunga mnyororo wa nyota zilezile ambazo mababu walizitumia kujua siku ya kushika jembe. Na mwanga unaouona umesafiri miaka 440 hivi kukufikia. Ulipoondoka huko, Ngome ya Yesu pale Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, ilikuwa haijawekwa hata jiwe.

Mimi sikuanza na Kilimia, nilikuwa nang'ang'ania perere wangu. Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho. Niliambiwa kuna pimbi kwenye mawe fulani nje ya mji, nikaenda Jumamosi mchana wa jua kali, nikakaa nusu saa nikaumwa na mbu wa mchana, mbwa wa mtu akanibwekea muda wote, nikarudi na kichwa kinaniuma. Pimbi sikumwona, ila niliona kinyesi chake. Wana tabia ya kwenda haja mahali palepale mwaka hadi mwaka, mwamba umebaki na mchirizi mweupe. Nikaandika kwenye daftari: "Choo chao nimekiona." Ni mwanzo.

Desemba nikapanda kwenda nyumbani kwa Krismasi. Bibi hayupo, nyumba ni ya mjomba, na ule mkuyu wa bondeni haupo. Kisiki nilikiona, kina upana wa mlango. Usiku wa kwanza nililala chumba kilekile, nikasikiliza. Redio ya jirani. Pikipiki. Chura kijitoni. Usiku wa pili vilevile. Perere wa milimani anahitaji miti mikubwa yenye mapango, na palepale kijijini imebaki mikaratusi na viazi.

Asubuhi nikamweleza mjomba. Hakunicheka. "Twende juu," akasema. Siku ya tatu jioni tukaenda kwa binamu yake anayekaa karibu na msitu wa hifadhi wa Magamba. Tukakaa nje na blanketi, ukungu unapita mbele ya taa ya kibatari mpaka mjomba akaizima. Saa mbili. Saa tatu kasoro. Nilikuwa nimeanza kuwaza safari ya kurudi na bei ya nauli.

Mlango wenye bawaba kavu. Mara moja.

Kimya.

Tena. Halafu ikapanda. Kutoka upande mwingine wa bonde mwenzake akajibu, na wa tatu mbali zaidi, mpaka ukashindwa kujua ni wangapi. Mimi ni mtu mzima, nina watoto, nafanya kazi ya mahesabu. Miguu yangu ilikuwa ya baridi.

"Perere huyo," mjomba akasema.

Kama utafika hapa ukasikia machozi, yaache. Kama hutasikia chochote, kaa tu mpaka muda uliopanga uishe, uandike ulichoona na saa. Si kila mara kitu hutokea, na zoezi hili si la kutafuta machozi.

Hatua ya 7: Sema kitu, kifupi

Baada ya kutazama, sala iwe fupi. Najua tulivyo, tukifumba macho hatufumbui. Mimi hutumia Zaburi 8, mistari ya 3 na ya 4: "Nikiziangalia mbingu zako, kazi ya vidole vyako, mwezi na nyota ulizoziratibisha, mtu ni kitu gani hata umkumbuke?" Mahali pa mwezi na nyota unaweza kutaja kitu chako. Halafu nyamaza.

Ukurasa wa daftari uufunge kwa tarehe na mahali, kisha uanze mwingine, wa kitu kingine. Usijipangie idadi. Mimi kwa miaka hii miwili nina kurasa tano, na mbili kati yake sijazimaliza.

Kuna kipande kimoja kilichobaki, na hiki ni cha lazima kwa walimu na wazazi: kama ulimdanganya mtoto, rudi ukamwambie.

Jumapili ya pili ya Januari nilisimama mbele ya darasa nikasema kwamba mwaka uliopita niliulizwa wibari ni nini nikajibu uongo. Wakatulia kuliko siku zote. Nikawaambia yote: pimbi, perere, kitanda cha kamba, tembo mwenye kilo tatu. Nikajaribu kuitoa ile sauti, na wawili wa mbele wakaziba masikio. Yule binti, sasa ana miaka kumi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, analiwa?"

Nikafungua Walawi 11, nikamsomea mstari wa 5.

"Kwa hiyo hapana," akasema.

"Kwa Walawi, hapana."

"Na kwenu?"

Nikakumbuka ngozi ya babu, laini kuliko ya mbuzi, na kilichokuwa ndani yake kabla haijawa ngozi.

"Kwetu," nikamwambia, "itabidi nimpigie mama."